Mteja Ana Pesa ya Korosho na Chumba cha Futi 10 kwa 10: Uza Sauti, Usiuze Wati

Kama unauza vifaa vya muziki mtandaoni na una wateja Masasi au Newala, meseji hii umeshaipata mara nyingi: "Boss, nataka sabufa kubwa inayogonga. Bei gani?"

Na muda wake unaujua. Minada ya korosho ikianza mwezi wa 10, pesa za wakulima zikaanza kusoma benki kupitia AMCOS zao, zilizo chini ya MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba, simu hazitulii. Kuna anayetaka bati, kuna anayetaka pikipiki, na kuna kijana ambaye ameahidi moyoni kwamba mwaka huu geto lake lazima lipige muziki.

Wengi tunajibu kwa picha tatu na bei. Mteja anachagua boksi kubwa kuliko yote, analipa, mzigo unapanda basi. Wiki mbili baadaye: "Dada, hii sabufa inanguruma tu, maneno hayasikiki. Naomba unibadilishie."

Sasa piga hesabu. Tuseme uliinunua Kariakoo 110,000, ukalipa 8,000 kuisafirisha, ukauza 140,000. Faida yako 22,000. Akiirudisha, 8,000 ya kurudi na 8,000 ya kupeleka nyingine zinatoka kwako. Umebaki na 6,000 na sabufa iliyofunguliwa boksi, ambayo lazima uipunguze bei ndipo itoke. Hapo hatujagusa jina lako. Mtu mmoja akilalamika pale mizani ya AMCOS, kesho yake kijiji kizima kinajua.

Na mara nyingi kifaa ni kizima kabisa. Kilichokataa ni chumba. Muuzaji anayejua kumshauri mteja kuhusu chumba anauza mzigo usiorudi, na ushauri wenyewe hauhitaji ufundi mkubwa. Twende hatua kwa hatua.

1. KWA NINI SABUFA KUBWA INANGURUMA GETO

Ukitaka mteja wa huku akuelewe haraka, mwambie hivi: ngoma za sindimba zinapigwa uwanjani. Sauti inatoka, inaenda zake. Zichukue ngoma zilezile uzipige ndani ya chumba kimoja, watu watatoka nje wenyewe.

Ndicho kinachotokea kwa sabufa. Chumba cha futi 10 ni kama mita 3. Sauti hewani inakwenda takribani mita 340 kwa sekunde. Kwa urefu huo wa ukuta kwa ukuta, kuna mlio mmoja wa besi, wa mitetemo kama 57 kwa sekunde, ambao unagonga ukuta, unarudi, unakutana na wenzake na kuongezeka nguvu. Na mlio huo uko katikati kabisa ya kazi ya sabufa. Kwa hiyo nyimbo zote zinageuka kuwa "vuuu" moja.

Chumba kikiwa mraba, futi 10 kwa 10, ni mbaya zaidi, kwa sababu urefu na upana vyote vinapandisha mlio uleule. Ongeza kuta za saruji tupu, sakafu ya vigae na bati lisilo na dari, unapata mwangwi juu na mngurumo chini. Maneno ya mwimbaji yanapotelea katikati.

Mteja hajui haya. Yeye anasema "sabufa mbovu".

2. MASWALI SITA KABLA HUJATAJA BEI

Usitaje bei kwanza. Uliza haya, hayamalizi dakika tano:

1. Chumba kina ukubwa gani? Kama hajui futi, apime kwa hatua zake. Hatua moja ndefu ya mtu mzima inakaribia mita.
2. Kuna nini ndani? Kitanda, kochi, pazia, kabati? Au ni godoro chini na ukuta mtupu?
3. Anasikiliza nini zaidi? Singeli na Bongo Fleva, kaswida au kwaya, taarifa ya habari, mpira, au filamu?
4. Sauti inatoka wapi? Simu, flashi, king'amuzi au TV? Kama ni TV, akutumie picha ya nyuma ya TV. Hili tutalirudia.
5. Umeme ni wa TANESCO au sola?
6. Bajeti ni shilingi ngapi, pamoja na usafiri?

Mfano wa mazungumzo:

Mteja: Dada mambo, sabufa kubwa kabisa mnauzaje?

Wewe: Poa kaka, karibu sana. Zipo za bei tofauti. Ili nisikupe ya kukusumbua, niambie kwanza: chumba chako kikoje na unatumia simu au TV?

Mteja: Geto tu la kawaida, Newala hapa. Nina TV ya nchi 32.

Wewe: Sawa kaka. Naomba picha moja ya chumba na moja ya nyuma ya TV, nikuchagulie itakayokufaa.

Akiwa ni mtu mzima, anza na "Shikamoo mzee" au "Shikamoo mama", ndipo uulize. Mzee mwenye pesa ya korosho hataki kuharakishwa na kijana anayemtumia bei kabla ya salamu.

3. MPE KWANZA CHA BURE

Hapa wengine mtauliza: nikimwambia abadilishe mpangilio wa chumba, si hataninunulia? Atanunua. Na hata asiponunua leo, atakukumbuka wewe uliyemsaidia bila kumtoza. Mambo haya mpe kila mteja, aliyelipa na ambaye bado:

Kona. Sabufa ikikaa kona, besi inaongezeka sana, kwa sababu kuta mbili na sakafu vinairudisha. Kama inanguruma, itoe kona. Kama ni ndogo na haisikiki, irudishe kona. Ni bure.

Kutafuta sehemu yake. Weka sabufa pale mteja anapokaa siku zote, hata juu ya kochi. Pigisha wimbo wenye besi. Halafu mteja azunguke chumbani akiwa ameinama karibu na sakafu. Atasikia sehemu nyingine zinanguruma, nyingine zimekufa, na moja ambapo besi inasikika safi. Hapo ndipo sabufa ikae. Yeye arudi kwenye kochi lake.

Spika ndogo. Wengi wanaziweka juu ya kabati au zote mbili upande mmoja. Ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, moja kushoto na moja kulia, zimuelekee, na umbali kati yao ulingane na umbali wa kila moja hadi kwake. Hapo ndipo maneno yanapoanza kusikika.

Vitu laini. Pazia zito, kochi la kitambaa, godoro na nguo nyingi vinapunguza mwangwi wa sauti nyembamba. Kitenge kimoja ukutani hakifanyi kazi kubwa. Na trei za mayai ambazo watu wanabandika ukutani wakiamini ni studio, zinasaidia kidogo sana na zikishika moto zinawaka haraka. Mwambie aache.

Mtikisiko. Kama meza, dirisha au bati linatetemeka, kelele hiyo haitokani na spika. Kata kandambili kuukuu vipande vinne, weka chini ya sabufa. Inatulia.

Besi. Ipunguze hadi maneno ya mtangazaji wa redio yasikike bila kukaza sikio. Hapo ndipo pa kuanzia, wimbo baadaye. Na jirani naye atalala, maana besi ndiyo inayopenya ukuta kuliko sauti nyingine.

4. WATI ZA KWENYE BOKSI NI ZA KUPAMBA

Boksi limeandikwa "12,000W PMPO". Mteja anaona 12,000 dhidi ya 8,000 ya duka jingine, anakwenda kwenye namba kubwa.

Mfundishe jambo hili moja. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni kama wati 3,000 tu. Sasa hizo wati 12,000 zinapita wapi? PMPO ni namba ya matangazo, haina kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinakifuata.

Namba ya kuangalia ni ile ya RMS kwenye kitabu chake, au kibandiko cha nyuma kinachosema kifaa kinatumia wati ngapi za umeme. Kikiandikwa 60W, basi spika zake zote kwa pamoja haziwezi kutoa kwa mfululizo zaidi ya hapo. Na wala si kidogo: kwenye chumba cha mita 3, mtu aliyekaa mita 2 kutoka kwenye spika anasikiliza kwa raha kwa wati zisizofika 5 za kweli.

Jingine: kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona kwa shida. Ili sauti isikike kubwa mara mbili, unahitaji wati takribani mara 10. Kwa hiyo anayetoka wati 40 kwenda 60 kwa kuongeza elfu 50 hajanunua sauti. Amenunua namba.

Na ukiulizwa "itakula LUKU?", jibu lipo: kifaa cha wati 60 kikipigwa saa 5 mfululizo kinatumia yuniti 0.3. Na mara nyingi hakifiki huko, kwa sababu hakipigwi hadi mwisho.

5. BAJETI INAKWENDA WAPI

Bei zinabadilika, hizi ni ngazi za kufikiria tu. Wewe unaijua bei ya mzigo wako.

*Mwenye kama elfu 50.* Usimuuzie sabufa ya kulazimisha. Mara nyingi anacho kifaa tayari: redio ya zamani, spika zilizokaa kimya, TV. Muulize anacho nini. Waya mzuri, kipokezi cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye redio ya zamani, na mpangilio wa chumba vinaweza kumpa sauti asiyoitegemea. Akitaka kuunga spika za nyongeza, aangalie omu. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba kwenye tundu moja zinakuwa omu 2, na amplifaya iliyotengenezewa omu 4 inaweza kuungua.

*Mwenye kama laki na nusu.* Hapa ndipo wateja wengi wa geto walipo. Mpe sabufa ya wastani yenye spika mbili za pembeni, zenye waya mrefu wa kutosha kutenganishwa. Waya wa mita moja unamlazimisha abane kila kitu pamoja, halafu anakulaumu wewe. Hakikisha kuna kitufe cha besi peke yake, tofauti na cha sauti kuu. Kitufe hicho kina thamani kuliko taa za rangi.

*Mwenye kama laki tatu na chumba kilekile.* Usimpandishe ukubwa, mpandishe ubora. Spika za pembeni zenye maboksi ya mbao na twita yake, au spika ndefu ya kukaa chini ya TV kama anapenda filamu na mpira. Chenji ikibaki, aweke kwenye pazia zito na stabilaiza. Maboksi makubwa ya ukumbini mwachie mwenye baa au mwenye kukodisha muziki wa harusi.

Sasa ile picha ya nyuma ya TV. TV nyingi mpya hazina tundu la hedifoni wala matundu ya nyekundu na nyeupe ya kutolea sauti. Zina tundu la optiko au HDMI iliyoandikwa ARC. Sabufa nyingi za bei yetu zina nyekundu na nyeupe tu. Mteja anafungua boksi, waya hauna pa kuingia, anakupigia kwa hasira. Ukiwa umeona picha mapema, unampangia na kibadilishi cha optiko kwenye oda hiyohiyo, na faida yako inaongezeka. Mwelekeze pia aingie mipangilio ya sauti ya TV achague PCM, la sivyo kibadilishi kinaweza kukaa kimya akadhani ni kibovu.

Kama atatumia Bluetooth kutoka kwenye TV, mwambie kabla: midomo ya mwigizaji inaweza kutangulia sauti. Kwa muziki haina shida. Kwa filamu, waya.

6. UMEME, SOLA NA SALFA

Haya matatu ndiyo yanayoua vifaa, na mteja wako atasema "ulinipa feki".

Umeme. Angalia nyuma kama kuna swichi ya 110 na 220. Ikiwa kwenye 110 na mteja akachomeka umeme wetu, kifaa kinaungua siku ya kwanza. Hakikisha iko 220 kabla ya kufunga boksi, bandika na selotepu. Uza stabilaiza pamoja na sabufa, na mwambie umeme ukikatika achomoe, asubiri urudi na utulie.

Sola. Wateja wa vijijini Newala na Masasi wengi wanatumia volti 12. Kama kifaa hakina tundu la 12V, sema wazi. Kama kinalo, fanya naye hesabu: kifaa kinachotumia wati 24 kinavuta ampea 2. Betri ndogo ya 7Ah kwa karatasi itakaa saa 3 na nusu, kwa kweli ni pungufu ya hapo. Akijua kabla, hatakulaumu muziki ukizima katikati ya mpira.

Salfa. Hili la kwetu huku. Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika katikati ya mwaka, mifuko ya salfa ya unga inalala chumba kimoja na redio na TV. Salfa inakula shaba na fedha, na ndizo zilizomo kwenye waya na viunganishi. Inaanza kukwaruza, spika moja inazima, mwisho kimya. Mwambie mteja salfa ikae stoo au nje pakavu, na sabufa ifunikwe ikiwa imezimwa. Ikiwa inawaka isifunikwe, itachemka. Ushauri huu uposti mwezi wa 5 uone watu watakavyousambaza.

7. KUPOSTI NA KUTUMA MZIGO

Video ya sabufa inayopiga dukani haimwambii mteja chochote kuhusu chumba chake, na simu yako hairekodi besi vizuri. Rekodi hivi: chumba kidogo cha kawaida, kwanza sabufa iko kona na imejaa besi, halafu imehamishwa na kupunguzwa. Ongea kawaida katikati ili watu walinganishe na sauti yako. Video ya namna hii inafundisha na kuuza kwa pamoja. Weka stetasi na kwenye ukurasa wako.

Maneno ya posti yawe ya mteja: "Inafaa chumba cha futi 10 hadi 12. Ina kitufe chake cha besi. Inapiga TANESCO na sola ya volti 12. Tuma picha ya TV yako tukuangalizie waya." Hayo yanajibu maswali manne kabla hajauliza.

Kabla ya kutuma, washa kifaa ukirekodi video inayoonyesha namba ya kifaa na spika zote zikitoa sauti. Mtumie mteja. Spika zina sumaku nzito, zikidondoka mbao inapasuka, kwa hiyo jaza nafasi zote ndani ya boksi na uandike upande wa juu. Chukua risiti ya basi. Kubalianeni kwa maandishi siku za majaribio, mfano siku 3 tangu apokee, na nani analipa nauli kifaa kikirudi kwa sababu gani: kibovu, nauli yako, amebadili mawazo, nauli yake.

Siku ya kwanza baada ya kupokea, mpigie wewe. Usisubiri apige yeye. Muulize kitu kimoja: "Maneno yanasikika?" Kama hapana, mpeleke kwenye kona, kitufe cha besi na PCM. Malalamiko mengi yanaishia hapo kwenye simu, na mzigo unabaki Newala.

8. USINGOJE MWEZI WA 10

Pesa ya korosho inakuja kwa msimu, ila wateja wapo mwaka mzima. Ufuta na mbaazi navyo vinaleta pesa katikati ya mwaka. Miezi mikavu ya pesa, uza vidogo: waya, vibadilishi, vipokezi vya Bluetooth, stabilaiza, na ushauri wa bure wa kupanga chumba. Aliyenunua waya wa elfu 10 kwako mwezi wa 3 na ukamfaa, mwezi wa 11 hatauliza bei kwa watu watano. Atakuandikia wewe.

Mkulima anangoja mwaka mzima kupata ile pesa. Akikupa laki na nusu yake, amekupa miezi ya kupalilia, kupulizia na kuokota. Mpe sauti itakayojaa chumba chake bila kumtoa nje.

Leo fanya moja tu: chukua yale maswali sita, yaandike kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, na mteja ajaye mtumie kabla ya bei. Kisha njoo utuambie alikujibu nini. Una mwenzako anauza vifaa vya muziki Mtwara, Lindi au kwingine? Mtumie na yeye asome.